Bomba la Kadutu, mara tatu

Mama Nsimire ana daftari lililolowa kona,
ana bomba moja, na foleni ya bidoni za njano
inayoshuka ngazi za Kadutu hadi kwa muuza makaa.
Akaniambia: Wewe uliyesomea kompyuta,
niandikie kitu kitakachohesabu nisipokuwapo.

Nikaandika kama mtu apandavyo ngazi.
Moja: weka bidoni. Mbili: fungua bomba.
Tatu: ngoja ijae, funga. Nne: ongeza faranga mia
kwenye jumla. Tano: ita anayefuata. Rudi moja.
Amri juu ya amri, mguu mbele ya mguu,
na jumla ni sufuria katikati ya ua
ambayo kila mpitaji anaitia mkono.
Ilitembea siku nne.
Ya tano, umeme ukakatika kati ya nne na tano.
Ulipowaka, programu ikaanza tena moja,
na Zihalirwa, aliyekuwa bado mbele ya bomba,
akalipishwa mara mbili maji yaleyale.
Kelele zake zilisikika Nyamugo.
Mguu haukumbuki ngazi uliyoikanyaga.

Nikafuta. Nikasema: acha kila bidoni ijijue.
Iwe na jina, na mwenyewe, na ujazo, na deni,
na kifuniko: pasiwe na wa kuchungulia ndani.
Usiipimie; iambie tu, Jaa, nayo itajaa.
Iambie, Lipa, itajua namna.
Hata kile kibidoni cha mafuta ya mawese
kilirithi tabia za bidoni mama,
kikajaa vilevile, ila kwa lita tano.
Ikawa nyumba ya watoto wenye adabu.

Lakini foleni huazimana.
Bidoni ya Cibalonza ilikwenda kwa Ntakwinja Jumatatu,
ikarudi Alhamisi na deni la watu wengine,
na nilipoiuliza: umebadilika lini, mikononi mwa nani?
ilinionyesha sura yake ya leo tu.
Kifuniko kilikuwa kimefungwa vizuri.
Hilo ndilo lililokuwa tatizo.

Usiku, kwa mshumaa na betri ya asilimia kumi na moja,
nikaandika mara ya tatu, na safari hii
sikumruhusu yeyote kufuta chochote.
La Jumatatu hubaki Jumatatu.
Deni si chombo cha kujazwa na kupunguzwa,
ni jibu la swali linaloulizwa upya:
chukua siku zote, anza na sifuri,
ikunje ya kwanza ndani ya pili, hizo ndani ya tatu,
kama kitenge, hadi kibaki kipande kimoja mkononi.
Uliza leo, uliza mwakani, uliza gizani:
siku zilezile, jibu lilelile.
Umeme ukakatika. Haukukuta cha kuharibu.

Asubuhi nilishuka nikiringa.
Mama Nsimire alisikiliza, kidole juu ya daftari.
— Hiyo kanuni yako haifuti?
— Haifuti.
— Haisahau?
— Haigusi kitu, mama. Inapokea, inajibu, basi.
— Na bomba atalifungua nani?

Nikanyamaza. Kanuni safi
hailoweshi mkono wa mtu.

Kwa hiyo nimerudisha ngazi chache pale mlangoni,
za kufungua na kufunga;
nimeziachia bidoni majina yao,
maana hapa hata sufuria iliyotoboka ina jina;
na ndani kabisa, mahali pakavu,
hesabu inakunjwa mbali na maji.
Ni nguo ya viraka. Naitetea, ila si kwa sauti kubwa.

Leo Rejideso haijaleta hata tone tangu alfajiri.
Foleni ipo. Bidoni zimekaa, vifuniko vimefungwa.
Nimeiuliza programu: orodha tupu, anza na sifuri,
nayo ikajibu sifuri, sahihi kabisa.
Mama Nsimire naye akaandika sifuri, kwa kalamu,
akapiga mstari chini yake.

Kule bondeni, ziwa limejaa.